Maganda ya Risasi Yanayopasuka na Risasi Zilizojazwa Upya: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya yanatoka kwa watu wenye bunduki za leseni: wakulima wa Mbarali na Ismani, askari wa wanyamapori wa vijiji upande wa Idodi na Pawaga, na vijana wanaofuatana na wawindaji wa kitalii huko Rungwa na Chunya. Mengi huulizwa bunduki ikiwa tayari imeleta shida. Ningependa yaulizwe mapema, kwa sababu ganda likipasuka vibaya ndani ya chemba, yaani pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa, uso wa mpigaji uko karibu mno na hapo. Ninachokitetea hapa ni macho na vidole vya watu.

Ganda lina kazi gani hasa? Si la kubebea baruti tu?

Risasi nzima ina vitu vinne: kichwa kinachoruka, baruti, fataki iliyo katikati ya kitako, na ganda linaloshika vyote hivyo. Wengi hulichukulia ganda kuwa kifungashio. Kumbe kwa ile sehemu ndogo ya sekunde ambayo baruti inaungua, ganda ndilo kizibo cha bunduki. Gesi hulisukuma likatanuka na kubana ukuta wa chemba, isipate pa kurudi nyuma. Presha ikishuka, ganda hunywea kidogo na kuuachia ukuta, ndipo boliti, kile chuma kinachofunga chemba kwa nyuma, inapoweza kulitoa.

Presha yenyewe si ya mchezo. Kwa viwango vya C.I.P., tume ya kimataifa ya kupima usalama wa silaha na risasi, vinavyotumika Ulaya, risasi ya .375 H&H huruhusiwa kufika bar 4,300. Ya .30-06 ni bar 4,050, na ya .303 ni bar 3,650. Risasi ya kawaida ya shotigani namba 12 ni bar 740. Tairi la gari dogo hujazwa kama bar 2, na watu bado wanaliogopa likipasuka karibu nao.

Ganda la bunduki ya risasi kwa kawaida hutengenezwa kwa mchanganyiko wa shaba asilimia 70 na zinki asilimia 30. Kiwanda hulifanya kitako kiwe kigumu na shingo iwe laini, kila sehemu ifae kwa kazi yake. Mpango huo wa ugumu na ulaini ukivurugika, ganda limeshaanza kuharibika hata kama kwa macho linang'aa.

Ganda huharibika kwa namna gani?

Kupasuka shingo ndiko kunakoonekana zaidi na ndiko kwenye hatari ndogo. Ufa huanzia mdomoni na kushuka kuelekea begani. Ukitokea wakati wa kupiga, mara nyingi hutasikia tofauti yoyote. Utauona ukiokota ganda. Ganda hilo limekwisha, na wenzake wa boksi lile wakaguliwe.

Ufa wa ubavuni ni mzito zaidi, maana gesi inaweza kupenya na kuchoma ukuta wa chemba.

Kukatika kwa mduara juu kidogo ya kitako ndiko ninakotaka kila mwenye bunduki akufahamu, na kuna swali lake hapa chini. Mpigaji akivuta boliti, kitako peke yake ndicho kinachotoka, na sehemu ya mbele inabaki chembani. Risasi inayofuata haiingii. Kwa mtu aliyesimama mbele ya nyati aliyejeruhiwa, bunduki hiyo haina kazi tena.

Baya kuliko yote ni kitako chenyewe kufumuka. Hapo gesi yote inarudi nyuma kupitia kwenye boliti, na vipande vya shaba vinaruka. Sababu kubwa ni presha iliyozidi, kitu kilichoziba mtutu, au risasi iliyolia boliti ikiwa haijafunga sawasawa.

Kisha kuna fataki. Iliyotobolewa na pini ya kugongea, iliyobapika mpaka kingo zake zikajaa tundu, au iliyochomoka na kudondoka yenyewe, zote zinazungumza. Fataki iliyobapika peke yake si ushahidi kamili wa presha kubwa, kwani fataki nyingine ni laini tu. Lakini ikiambatana na boliti inayogoma kufunguka, na alama inayong'aa ya boliti kwenye kitako, acha kupiga risasi za boksi hilo.

Nimeona mstari unaong'aa kuzunguka ganda, karibu na kitako. Ni nini?

Lishike ganda kwenye mwanga wa jua ulizungushe polepole. Ukiona pete nyembamba yenye weupe kuliko shaba iliyoizunguka, juu kidogo ya pale ukuta mnene wa kitako unapoishia, hapo shaba imevutwa ikawa nyembamba. Chukua waya mwembamba, kunja ncha yake, uingize ndani ya ganda tupu na uiburute kutoka kitako kwenda juu. Ukisikia ncha inakwama kwenye mfereji, ganda hilo lilikuwa linaelekea kukatika vipande viwili.

Husababishwa na nafasi. Kama kuna nafasi kubwa kati ya kitako cha ganda na uso wa boliti, mbele ya ganda hushika ukuta wa chemba kwanza, halafu gesi inasukuma kitako kurudi nyuma hadi kigonge boliti. Kinacholipa umbali huo ni shaba ya hapo katikati. Ganda likirudishwa kwenye umbo lake na kujazwa tena, linavutwa tena pale pale.

Risasi zenye mkanda kwenye kitako, kama .375 H&H ya mwaka 1912, ziko kwenye hatari hii zaidi. Zinakaa chembani kwa kushikwa na ule mkanda, na bega linaweza kuwa na nafasi kubwa mbele yake. Risasi ikiwa mpya ya kiwandani huwezi kujua kitu. Ikijazwa mara kadhaa na mtu asiyejali, utajua.

Pete ikionekana kwenye maganda ya risasi mpya za kiwandani, tatizo huenda liko kwenye bunduki. Ipeleke kwa fundi mwenye leseni aipime kwa geji, kifaa cha kupimia nafasi hiyo. Usiishie kubadilisha maboksi ya risasi tu.

Risasi zangu ni za kiwandani, sijazipiga hata moja, na shingo zimepasuka ndani ya boksi. Nimeuziwa mbovu?

Swali langu la kwanza ni moja: unazihifadhi wapi? Huku kwetu jibu mara nyingi ni stoo, na stoo ya mkulima wa Mbozi, Njombe au Mufindi ina mifuko ya mbolea.

Waingereza walikutana na jambo hili India. Risasi zilizowekwa kwenye mazizi ya farasi kipindi cha mvua zilipasuka zenyewe bila kuguswa na mtu. Mwaka 1921 ndipo ilipoelezwa vizuri kwamba mhusika ni amonia itokayo kwenye mkojo wa farasi. Shingo ya ganda hubaki na mkazo ndani yake tangu ilipofinywa kiwandani na kuvishwa kichwa. Amonia ikifika pamoja na unyevu na hewa, hupenya katikati ya chembechembe za shaba, na mkazo ule unamalizia kazi.

Sasa tazama nyumba zetu. Urea ikiloa na kuchanganyika na udongo au samadi hutoa amonia. Mbolea za CAN na DAP zikimwagikia chokaa yenye unyevu, ile ile tunayowekea mashamba yenye tindikali, hutoa amonia. Banda la kuku lililounganishwa na stoo linatoa amonia mchana na usiku. Ukiingia alfajiri macho yanawasha, na hiyo ndiyo yenyewe. Ongeza unyevu wa Tukuyu, ambako mvua ni ya karibu mwaka mzima, na kila kitu kinachohitajika kimetimia.

Ganda la .30-06 lililokaa hivyo lina sura yake. Ufa ni mwembamba kama unywele, unatoka mdomoni kwenda begani, na kingo zake hazijatanuka kwa sababu hakuna kilicholisukuma kutoka ndani. Ukilielekeza kwenye mwanga unaona ukijani kidogo ndani ya ufa. Kichwa kinacheza ukikibonyeza kwa kidole gumba. Risasi ya namna hiyo usiipige, hata kwa majaribio, maana kichwa kinachocheza kinaweza kusukumwa ndani ya ganda wakati wa kuingia chembani, na presha ikapanda.

Hifadhi risasi ndani ya nyumba ya kuishi, kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, kavu, mbali na mbolea, betri za gari, samadi na dawa za kusafishia zenye amonia. Usiziache miaka kwenye mkanda wa ngozi, kwa sababu kemikali za kulainishia ngozi huotesha kutu ya kijani kwenye shaba. Najua stoo ndiyo yenye kufuli kubwa. Hamisha kufuli.

Risasi zilizojazwa upya zinaaminika au haziaminiki?

Zinaaminika pale ambapo historia ya kila ganda inajulikana. Marekani na Ulaya kuna wapiga shabaha wa mashindano wanaojaza risasi zao wenyewe na kupata usahihi unaozidi wa kiwandani. Yuko mtu anayejua ganda hili limetoka kwenye bunduki yake mwenyewe, limepigwa mara ngapi, na anapima baruti ya kila moja kwa mizani. Zipo pia kampuni halali huko zinazojaza maganda kwa wingi kwa mashine na kuyakagua. Kwa hiyo siwezi kusema kujaza upya ni uovu kwa asili yake.

Ila risasi zinazokufikia mkononi kwenye mfuko wa plastiki, bila boksi, bila namba ya toleo, kwa bei ya chini, hazina historia hiyo. Hujui ganda lilikuwa kwenye bunduki gani yenye chemba pana kiasi gani. Hujui limefinywa na kutanuliwa mara ngapi. Shaba ikifanyiwa hivyo bila kupashwa moto kwa utaratibu inakuwa ngumu na kukatika. Mara nyingi maganda ya viwanda tofauti huchanganywa, na hili watu hawalijui: maganda ya kijeshi ya kaliba (kipimo cha risasi) ile ile huwa na ukuta mnene zaidi, kwa hiyo nafasi ya ndani ni ndogo. Baruti ile ile ikiwekwa ndani yake inatoa presha kubwa kuliko kwenye ganda la kiraia. Risasi mbili zinazofanana kwa nje, moja salama, nyingine si salama.

Baruti nayo. Zipo zinazoungua haraka na zinazoungua polepole, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ya bastola ikiingia kwenye ganda la bunduki ya kuwindia, kitako hakitahimili.

Watengenezaji wengi wa bunduki huandika kwenye kitabu cha maelekezo kwamba bunduki ikiharibiwa na risasi iliyojazwa upya, dhamana imekwisha. Bunduki ya .375 ni mali ya miaka mingi ya jasho. Msimamo wangu kwa mazingira yetu ni huu: usinunue, usipokee ukipewa bure, wala usikubali kumjaribia mtu risasi ya namna hiyo eti kumsaidia.

Nitazitambuaje?

Tazama kitako. Risasi mpya ina alama za kiwanda kimoja tu, na fataki imekaa usawa na kitako au chini yake kidogo, ikiwa na duara safi. Iliyojazwa upya inaweza kuwa na mikwaruzo ya ukucha wa kuvutia ganda kwenye ukingo wa kitako, alama hafifu ya boliti ya zamani, au michirizi ya wima ubavuni. Kama boksi moja lina vitako vyenye majina ya viwanda tofauti, umeshapata jibu. Pitisha kidole juu ya fataki: ikijitokeza nje, iweke pembeni kabisa, kwani boliti inaweza kuigonga yenyewe wakati wa kufunga.

Maganda ya shotigani ni rahisi zaidi. Mdomo uliokunjwa mara ya pili huwa umechoka, mikunjo inaachana, na plastiki ina weupe pale ilipokunjwa. Nyingine hufungwa kwa nta ya mshumaa. Hizo usizitie hata kwenye mfuko wa suruali.

Lakini mtu aliyesafisha maganda kwa mashine atakudanganya macho. Ulinzi wa kweli ni kununua kwa muuzaji mwenye leseni, kwenye boksi lililofungwa, na kutunza risiti pamoja na kipande cha boksi chenye namba ya toleo. Tatizo likitokea, namba hiyo ndiyo inayokuwezesha kuzisimamisha zote za toleo hilo.

Sheria inasemaje kuhusu kujijazia nyumbani?

Hapa Tanzania silaha na risasi zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Kutengeneza risasi bila kibali ni kosa, na kumiliki au kununua risasi kunakwenda na leseni yako. Kwa lolote linalohusu leseni, nenda polisi wilayani kwako. Na kumbuka kumuua mnyamapori kuna sheria yake nyingine, hata kama kiboko amelala katikati ya mpunga wako.

Nimepiga, ikatoa mlio mdogo kama wa kukohoa. Niendelee?

Hapana! Hapo ndipo mitutu inapopasukia. Mlio hafifu na msukumo mdogo begani maana yake baruti ilikuwa pungufu au haikuwemo kabisa, na fataki peke yake imesukuma kichwa kikakwama ndani ya mtutu. Ukipiga nyingine nyuma yake, kichwa cha pili kinakuta njia imezibwa na presha haina pa kwenda. Mtutu huvimba au kuchanika.

Elekeza mtutu upande salama, subiri, toa ganda, toa na risasi zilizobaki. Fungua boliti uitoe, kisha chungulia mtutu kutoka upande wa chemba dhidi ya mwanga. Usipoona mwanga, usijaribu kusukuma kwa fimbo ya msituni wala kwa risasi nyingine. Bunduki irudi kwa fundi. Kwenye shotigani, hata kifuniko cha plastiki cha ndani ya risasi kikibaki kwenye mtutu kinatosha kuleta maafa.

Kosa hili hutokea zaidi kwenye risasi zilizojazwa kwa mkono. Anayejaza akipoteza hesabu kidogo, moja inakosa baruti, nyingine inapata mara mbili.

Pini imegonga, haikulia. Nifungue mara moja?

Subiri angalau sekunde 30, mtutu ukielekea upande salama na uso wako ukiwa mbali na boliti. Fataki iliyopata unyevu inaweza kuchelewa kuiwasha baruti, na ganda likilia likiwa nje ya chemba hakuna kitu cha kulishikilia. Wanaume wa porini wana haraka ya kufungua ili wapige tena. Najua kwa nini. Bado subirini.

Risasi ya shotigani ya namba 20 inaweza kupigwa kwenye namba 12?

Kamwe. Ya namba 20 ikidondokea kwenye bunduki ya namba 12 inapita chemba na kukwama mbele yake. Ukichungulia unaona chemba tupu. Unaweka ya namba 12 nyuma yake na kupiga, na mtutu unapasuka pale pale mkono wa kushoto unaposhika. Ndiyo sababu viwanda vingi hutengeneza za namba 20 kwa rangi ya njano. Nyumba yenye bunduki zote mbili isichanganye risasi kwenye mfuko mmoja.

Baridi ya Kitulo na joto la Usangu vinaathiri risasi?

Mwinuko hauathiri presha ya ndani ya chemba. Joto linaathiri. Baruti ikiwa ya moto huungua kwa kasi zaidi na presha hupanda, kwa hiyo risasi iliyoachwa juu ya dashibodi ya gari mchana kutwa haifanani na ile iliyotoka kivulini. Waliotengeneza risasi za kuwindia Afrika zamani walilijua hilo; .416 Rigby ya 1911 ilipewa ganda kubwa makusudi ili presha ibaki chini katika joto. Kiwango chake cha C.I.P. ni bar 3,250 tu. Risasi ya kiwandani imeachiwa nafasi ya kuvumilia joto. Iliyojazwa na mtu aliyetaka nguvu ya ziada haina nafasi hiyo.

Bunduki yangu ni .303 ya tangu enzi za mkoloni. Kuna la kuangalia?

Lipo. Chemba za bunduki nyingi za Lee-Enfield zilikatwa kwa upana ili risasi yenye matope iingie vitani, na boliti yake hufungia nyuma. Maganda yake hutanuka sana, na kukatika karibu na kitako ni ugonjwa unaojulikana. Kwa risasi mpya inafanya kazi vizuri. Maganda yake usiyajaze tena.

Maganda ya chuma je?

Yanafanya kazi mara moja, basi. Hayatanuki na kunywea vizuri kama shaba, na hayafai kujazwa tena. Kama ni risasi za zamani zenye fataki ya chumvi, ile inayoacha chumvi kwenye mtutu ikilia, safisha mtutu kwa maji ya moto siku hiyo hiyo, ukaushe, kisha upake mafuta. Mafuta peke yake hayaondoi chumvi, na kwa ukungu wa Mufindi kutu itaonekana asubuhi.

Gobole halina ganda. Si ni salama zaidi basi?

Kutokuwa na ganda ni kukosa kizibo. Bomba la maji lililofungwa nyuma kwa kuchomelea halikutengenezwa kubeba presha ya baruti, na hakuna anayejua mshindilio wa leo umezidi wa jana kwa kiasi gani. Mnaolikuta nyumbani, lisalimisheni.

Marehemu baba ameacha risasi nyingi za zamani. Tuzifanyeje?

Msizipige, msizitupe chooni, msizichome na takataka, na mtoto asizipige nyundo ili auze shaba kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Risasi ikilia nje ya bunduki, ganda hupasuka na vipande vyake huruka kuliko kichwa chenyewe, na mwenye kuishika hupoteza vidole au jicho. Kama familia haina leseni ya bunduki husika, toeni taarifa kituo cha polisi kwanza, muwaulize kama wao watakuja kuzichukua au nyinyi mzipeleke, na mwende pamoja na leseni ya marehemu. Zilizo na ukijani, ufa au kichwa kinachocheza zitengeni kwenye boksi lake, mumwambie askari anayezipokea ni zipi.